Gasketi ya Tapeti Kava

Eda ilipokwisha nilivaa suruali ya marehemu mume wangu chini ya kanga, nikafungua boneti.

Pikapu yetu ilikuwa imekaa uani hapa Magomeni muda wote niliokaa ndani, kuku wakilala juu yake. Niliinunua mimi, kwa mihogo yangu. Ndiyo inayobeba mihogo kutoka shambani Madimba hadi sokoni Chikongola. Ikiondoka, narudi kubeba kichwani. Nimeshabeba kichwani ujana wangu wote. Sirudi.

Ugonjwa wake ulikuwa kuvuja. Oili ilitoka juu ya injini, ikadondokea ekzosi, ukiendesha unakohoa kama unapuliza kuni mbichi. Marehemu alishanionyesha dawa yake. Juu ya injini kuna kifuniko cha bati, mafundi wanakiita tapeti kava, na chini yake mna ukanda wa mpira, ndiyo gasketi, unaozuia oili. Wangu ulikuwa umekauka. Nilipoubandua ulivunjika kama kashata.

Nilikuwa nakwangua mabaki kwa kisu cha kumenyea mihogo, mpwa wa marehemu akaingia. Mtoto wa dada yake. Kwa Wamakonde wa zamani mali ya mjomba inakwenda kwa mpwa, na huyu, mila zote nyingine hazijui, hiyo moja aliijua. Ametoka msikitini na kanzu yake, nyuma yake wanaume wawili.

"Pole na eda, mkaza mjomba. Nimefuata gari la mjomba."

"Mjomba wako kakuachia salamu tu."

"Usinitanie. Sisi watu wa mila."

"Mila! Mjomba kalala hajiwezi, ulimletea hata uji?"

Mwenzake mmoja akacheka. "Hapo kakupata, kaka."

Kicheko kile ndicho kilichomtia wazimu. Alinisukuma kifua kwa mikono yote miwili, nikaanguka juu ya karai, mdomo ukapasuka. Damu ikajaa kinywani. Ufunguo ulikuwa kwenye swichi. Akarukia kiti, akawasha.

Yeye gari analolijua ni usukani. Injini ikaunguruma ikiwa wazi, cheni ndani ikarusha oili juu kama chemchemi. Wenzake walikuwa wameinamia boneti kuchungulia. Iliwaingia machoni, mdomoni, kifuani. "Yalaa! Nimepofuka!" Wakatoka mbio wakigongana getini.

Nikainuka na spana ya magurudumu. Kwanza nilipenyeza mkono dirishani, nikazima injini. Niliihurumia kabla ya mtu. Mpwa akanikaba koo kwa mkono mmoja, mwingine kaung'ang'ania usukani. Nikaupiga ule wa usukani. Mfupa ukalia kama muhogo mkavu. Nikapiga tena.

"Mama! Umeniua!"

"Ningetaka kukuua ningepiga kichwa."

Akateleza kutoka kitini hadi chini, akaegemea ukuta, mkono umevimba kama andazi. Jirani akachungulia juu ya ua. "Bibi, niite bajaji?"

"Ya nini? Gari ninalo. Asubiri."

Nikapachika gasketi mpya niliyokuwa nimeiweka tayari, nikaweka kifuniko. Hapo ndipo penye kazi. Bolti zile zinakazwa za katikati kwanza, halafu za pembeni, kidogo kidogo. Ukikaza kwa hasira bati linapinda, oili inatoka palepale. Na mimi nilikuwa na hasira ya kupasua jiwe. Kila nikishika spana naiona shingo yake. Nikatema damu, nikaanza upya, kwa vidole tu.

"Fanya haraka, nakufa!" analia.

"Nyamaza. Utanikazisha vibaya."

Nikaongeza oili, nikawasha. Moshi hakuna. Akajikokota hadi mlango wa mbele.

"Huko si kwako. Nyuma, kwenye magunia."

Akapanda nyuma. Nilimsikia kila shimo la barabara, na mashimo sikuyakwepa.

Hospitalini muuguzi akamuuliza kaumiaje. Mpwa akaniangalia mdomo wangu uliopasuka, akaniangalia mikono.

"Boneti limeniangukia."

Nikamwacha na boneti lake. Mara mlinzi akaingia anafoka: "Pikapu ya nani imeziba mlango?"

Mimi nikamtazama mpwa. Akainamisha kichwa.

"Ya mkaza mjomba wangu huyu."

"Sema kwa sauti," nikamwambia.

"Yake! Gari lake!"

Nikatoka kulisogeza. Kabla ya kupanda niliinama nikachungulia chini ya injini. Sakafu kavu, hata tone.