Mtu Tuliyemkalia Nyuma

Ipo siku moja inayonirudia kila nisikiapo vijana wakicheka kwa sauti ya chini, mwanangu. Juzi hapa Manundu niliwasikia mkicheka hivyo. Mlisema chama cha wenzenu kinakaribia kuchagua mtu wake wa kusimama, na kwa kuwa baadhi yenu mna kadi zao pia, mtaingia mumpe kura yule dhaifu, ili mtu wenu amshinde bila jasho. Nilipita zangu. Tangu hapo moyo haujatulia, ndiyo maana naandika.

Wakati wa Mjerumani nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, kwetu upande wa Kang'ata. Jumbe wetu alikuwa amefariki. Jumbe ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji, chini ya akida, na akida alikuwa chini ya boma. Akida akitaka watu wa kazi ya barabara, au wa mashamba ya mkonge huko Korogwe, jumbe ndiye aliyetaja majina. Kwa hiyo hatukuwa tukichagua mtu wa kupewa kiti na heshima tu. Tulikuwa tukichagua ulimi utakaotutaja.

Mimi hofu yangu ilikuwa moja: kaka yangu Mhina. Alikuwa amerudi kutoka kazi ya barabara na goti lililopondwa na jiwe. Kila asubuhi nilimtazama akinyanyuka kwa kushika ukuta, nami nikajiambia, huyu akitajwa tena harudi. Nilitaka mjomba wetu, kaka wa mama, awe jumbe, maana asingemtaja.

Akida aliagiza koo mbili kubwa za kijiji zimletee mtu mmoja mmoja, naye atateua. Ukoo wa mama yetu ulikuwa umekwisha kumchagua mjomba. Ukoo wa pili ulikuwa wa baba yangu. Kwetu Wazigua mtu huhesabiwa kwa mama yake, lakini kwenye mkeka wa ukoo wa baba hafukuzwi. Akija hukaa, na akikaa husikilizwa. Huko walikuwa na watu wawili. Mzee Semkiwa alikuwa mkali wa maneno lakini mwenye haki. Aliwahi kumwambia akida usoni kwamba mgonjwa si mtu wa kazi. Mbelwa alikuwa mpole, asiyeweza kumkatalia hata mtoto.

Binamu yangu Athumani ndiye aliyetupa shauri, sisi vijana sita wa ukoo wa mama. "Jirani akileta jogoo wa kupigana na wako," alisema, "unamwombea alete yule mwenye manyoya machache. Sisi sita baba zetu ni wa kule. Twendeni tukakae nyuma ya Mbelwa."

"Na wakituuliza?"

"Nani atamuuliza mtu kwa nini amekwenda kwa baba yake?"

Tulicheka. Tulicheka sana, mwanangu.

Siku yao ya kuchagua, watu walikaa chini, kila mmoja nyuma ya mtu amtakaye. Sisi sita tulikwenda nyuma ya Mbelwa. Wazee walipohesabu, Mbelwa alizidi kwa watu wanne. Bila sisi angeshindwa. Baba alikuwa nyuma ya Semkiwa. Aliponyanyuka alinisogelea, akauliza polepole, "Umekuja kuchagua nasi, au kutuchezea?"

"Nimechagua, baba."

"Haya. Omba asishinde."

Maneno yale yalinitoa jasho, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyaomba.

Akida alipokuja aliwasimamisha wawili mbele ya watu wote, akawauliza swali moja tu. "Nikitaka watu ishirini kesho, utaniletea wangapi?"

Mjomba alifikiri kwanza. "Nitakuletea wazima watakaokuwepo, bwana."

Mbelwa hakufikiri. "Ishirini, bwana. Na ukitaka zaidi nitatafuta."

Akida alicheka, akamvisha Mbelwa kofia ya jumbe palepale. Nilimtafuta Athumani kwa macho. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Udhaifu tuliodhani utamwangusha Mbelwa ndio aliokuwa akiutafuta akida.

Mwezi haukuisha. Mkonge wa Korogwe ulitaka watu, na Mbelwa alitaja majina. La Mhina lilikuwemo. Nilimkimbilia Mbelwa nyumbani kwake.

"Shikamoo, jumbe. Kaka yangu hatembei."

"Marahaba. Najua hatembei, mwanangu. Lakini hesabu haikutimia."

"Mimi nilikukalia nyuma siku ile!"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyechoka, akasema, "Mlinikalia nyuma kwa sababu siwezi kumkatalia mtu. Leo wataka nimkatalie akida?"

Nilimwomba basi nami aniandike. Hilo hakulikataa.

Tukashika njia ya Korogwe, Mhina na fimbo yake na jembe begani, mimi na mzigo. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi wa kwetu nilikuwa nikimsikia akivuta mguu nyuma yangu. Siku ya pili aliuliza kwa nini nimejitia humo mwenyewe. Nikamweleza yote, mkeka, jogoo, kicheko. Tulipouona mto Pangani alisimama. Kisha akanitupia jembe lake.

"Basi beba na hili," alisema.

Nililibeba, na miezi yote ile nililima sehemu mbili. Alirudi hai, Mungu ashukuriwe, lakini goti halikukunjuka tena, na shamba lake nililima mimi mpaka tulipomzika.

Mwanangu, kuwa na mlango wa kuingilia nyumba mbili si kosa. Ukiingia kwa wenzako kuchagua, chagua kama mtu atakayelala humo. Usimnyanyue mtu ambaye hungekubali akutawale, ukidhani mwingine atamwangusha kwa niaba yako. Anayeamua mwisho humjui, wala hujui anatafuta nini. Wakiwa na mtu mwema, mwache apite; mwenu akishindwa na mtu mwema, mtalala usingizi.

Mungu akupe moyo usioogopa mshindani mwenye haki. Akuepushe na ushindi wa kucheka kwa siri, na ndugu zako wasibebe kamwe mzigo ulioufunga wewe.