Mie, Mama Mukwe na Tente Moja

Admin, jambo. Tafadhali ficha jina yangu, juu hapa Bruxelles, Ubelgiji, tunajuana wote, na batoto ba dada ya mama mukwe banasoma hii page kila siku.

Mie ni kijana wa miaka 26, muzaliwa wa Lubumbashi. Naishi Laeken na muke yangu na binti yetu wa miaka sita, tumuite Dodo. Natumika mu entrepôt, depo ya mizigo. Masomo sikufika mbali, lakini kila kintu najifunza mie mwenyewe ku vidéo: kutengeneza vélo, kupaka rangi, hata kusuka Dodo nywele. Kintu ikiingia mu kichwa yangu, usingizi inaisha. Njo tabia yangu, na njo imeniponza.

Dodo alikuwa anatulilia kila siku kwenda ku parc moja kubwa ya manège, michezo ya kupanda na kuzunguka, ile iko na camping yake pembeni. Munalala mu tente, ile hema ya kitambaa, asubuhi munafungua zipu, munaona grande roue, ile gurudumu kubwa ya kubeba bantu, juu ya miti. Rafiki yake wa darasa alienda, akarudia na stori mpaka Dodo akakosa hamu ya kula.

Bon. Mama mukwe njo akakuya kutoka Lubumbashi. Visa bali­mukatalia mara mingi, donc ni mara ya kwanza anashika mujukuu wake na mikono, haiko mu téléphone. Dodo anamushikamana kama gundi. Anamuita Koko, bibi: Koko huku, Koko kule! Kuona vile nikasema: voilà! Tuende wote ine, mie, muke yangu, Dodo na Koko! Nikafanya réservation ya ile camping, nikingali mu tram, sikuuliza muntu, hata muke yangu. Nikanunua tente ku soko ya dimanche, jumapili, pale ku stesheni ya Gare du Midi, kubwa kabisa, ya bantu six, na pazia katikati. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Bantu ba kwetu, najua mumeisha kushika kichwa.

Kwa benye habajue: kwetu, mukwe na mama mukwe ni heshima kali. Siwezi kula na yeye ku meza moja. Akipita mu couloir, njia ya ndani, nabana ku ukuta, macho chini. Mbele ya kutoka ku douche, ku bafu, nakohoa, ili asikutane na mie. Kulala na yeye fasi moja? Ni haya yenye haina dawa. Lakini hapa nyumbani yeye iko na chumba yake, iko na mulango. Nilizoea ile mulango mpaka nikaisahau.

Dimanche yenye ilipita, tukitoka misa, nikasukuma viti ku ukuta, nikasimamisha tente katikati ya salon, sebule yetu. Surprise! Mama mukwe akatoka mu chumba, akashika mudomo, akacheka: “Eeh, Yesu! Nani amejenga nyumba mu nyumba?”

Dodo akamuvuta mukono. “Koko, ni yetu! Tunaenda camping! Weye na mie tunalala hapa. Papa na maman pale. Pazia njo hii. Koko, usiku utasikia papa anakoroma!”

Mama mukwe akaacha ule mukono. Hakuniangalia. Akaita muke yangu kutoka ku cuisine, jikoni, akasema na yeye, mie nikisimama palepale:

“Mwanangu, uliza bwana yako. Nimepanda ndege nikuye kuvua nguo nyuma ya kitambaa, mukwe wangu akisikia?”

“Maman, hakuwaza mubaya.”

“Sijasema mubaya. Nasema pazia haiko mulango.”

Akaingia mu chumba. Ile siku alikula kule, peke yake.

Nikapiga simu ku camping: bungalow, vile vinyumba vya mbao, zote zimejaa, ni vacances, likizo ya masomo. Tente ya pili? Emplacement yetu, fasi tulilipia, ni ya tente moja. Nikaambia muke yangu basi nitalala mu voiture, mu gari yetu. Akaruka: “Kama mume mwenye bamefukuza? Tena mbele ya maman yangu? Weye unatafuta nini?”

Nikakimbilia kaka ya mama mukwe, tonton mumoja iko na boutique ku Chaussée de Wavre. Alicheka mpaka akakohoa. “Mutoto weye! Miaka yangu yote, hata viatu vya mama mukwe wangu sijaviruka! Beba kitenge na kuku, omba pardon.”

Nikabeba. Mama mukwe akapokea kupitia muke yangu. Alors, jibu ikatoka: “Ambia bwana yako nimesamehe. Tutaenda mie, weye na mutoto. Yeye abakie kulinda nyumba.”

Abakie! Nani? Mie mwenye najua robinet ya maji iko wapi, manège gani haina foleni asubuhi! Muke yangu hajue kuendesha voiture. Ile tente ni mie peke najua kuisimamisha. Jana nikajaribu kubafundisha. Juu siwezi kuingia ndani na mama mukwe, nilisimama mu couloir napiga kelele: “Dodo, ambia Koko ule mti mwekundu wa tente unapita juu!” Tente ikabaangukia wote batatu. Nikasikia Koko anacheka chini ya kitambaa, Dodo anacheka, muke yangu anacheka. Na mie siwezi hata kwenda kubatoa.

Kisha Dodo akatoka, nywele zimevurugika. “Papa, na weye utalala wapi?”

Nikasema, hapa nyumbani.

Akaenda kuchukua ka sac yake ka camping, akatoa pyjama, akairudisha mu kabati. “Basi na mie sitaki.”

Sasa mama mukwe anaona ni mie nimegeuza mutoto kichwa. Vacances ikiisha anarudia kwetu Lubumbashi, na ile visa, nani anajua kama bataitoa tena?

Nikienda, ni haya. Nikibakia, mutoto hatoki. Nikifuta yote, Koko ataondoka na hii kintu ku roho. Tunapaswa kutoka samedi, hii jumamosi. Tente ingali mu salon, hakuna mwenye anaigusa, sote ine tunaizunguka tukienda ku cuisine. Bandugu, bamaman, na benye munajua heshima ya bukwe, munishauri. Nifanye nini?