Chumvi Katika Chupa za Viroboto wa Maji

Mwaka wa mwisho wa chuo nilirudi nyumbani Izigo na hadubini ya kuazima, nikageuza dirisha la sebule kuwa maabara. Nilitaka kujua jambo moja tu: chumvi ikizidi majini, viroboto wa maji hudumaa? Hawa si viroboto wa mbwa. Ni jamaa wa kamba na kaa, wadogo kama chenga za mchele, wanaorukaruka kwenye madimbwi bondeni kwetu. Msimamizi wangu wa chuo alikuwa amenionya kwamba nisipompa matokeo yanayoeleweka kabla ya muhula kwisha, nitarudia mwaka. Nilimwogopa, lakini sitadanganya: kazi ile ilikuwa imenipanda kichwani kwa furaha.

Nilipanga chupa nne. Ya kwanza maji matupu ya chemchemi, ya pili chumvi kidogo, ya tatu zaidi, ya nne ikizizidi zote. Niliwalisha hamira. Mama alilalamika kwamba hamira ya maandazi inaliwa na wadudu, kisha kila asubuhi akawa wa kwanza kuja kuchungulia.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wa maji matupu walinenepa. Wa chupa ya nne walibaki vijitu, maana nguvu za kukua ziliishia kupambana na chumvi mwilini. Wiki ya pili mambo yakavurugika. Wa chupa ya pili, iliyopigwa na jua kuliko zote, wakawa wadogo kuliko wa chupa ya tatu, na wengine walikuwa wanaelea wamekufa. Nilipima na kupima tena. Nililia, mtu mzima na miwani yangu.

Mama akauliza maji yakipungua huwa naongeza nini. Nikamwonyesha kwa maringo ya msomi: kila chupa ina ndoo yake ya maji yenye chumvi ileile, ili kipimo kisibadilike. Akanitazama kama niliyeunguza chakula cha wageni.

"Mwana wange, ebitoke vikikaukiwa maji jikoni, unaongeza maji ya chumvi?"

Nikaiwaza sufuria yake ya ndizi za kupika. Jua huchukua maji, chumvi inabaki. Siku zote hizo nilikuwa natia chumvi juu ya chumvi. Nilimkumbatia mpaka kanga ikamdondoka.

Tulianza upya siku hiyohiyo. Mama alifunga uzi kwenye kila chupa, na maji yaliposhuka chini ya uzi aliongeza ya chemchemi peke yake. Safari hii viroboto walijipanga: kadiri chumvi ilivyozidi, ndivyo miili ilivyopungua, chupa hadi chupa. Nilipiga vigelegele sebuleni, jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Msimamizi alipokuja Bukoba kutukagua sisi wanafunzi wake wa huku, nilimpelekea kazi yangu. Alisoma polepole, akafika nilipoeleza kosa na tulivyolirekebisha. Akakiri kwamba mpango wangu wa kwanza aliupitia mwenyewe na hakuona kitu. Aliyeona ni nani? Nikamjibu ni mama.

"Anafundisha chuo gani?"

"Hafundishi," nikasema. "Aliishia darasa la nne."

Alirudi kwenye ukurasa wa kosa, akausoma tena. Kisha akavua kofia ya kalamu na kusaini.