Mzika Michezo

Dukani kwa shangazi tunamwita Mzika Michezo, maana huyu mtu wa bahati nasibu ya serikali haji ila siku mchezo fulani wa kadi za kukwangua unapoondolewa sokoni. Huipuliza vumbi mashine ya tiketi, akaipapasa ubavuni kama mnunuzi wa ng'ombe, kisha hubandua bango la mchezo taratibu lisichanike. Kadi zilizobaki huzifunga kwa mpira, ukucha wake mrefu wa kidole gumba ukiwa juu, usiguse hata moja. "Marehemu alikuwa na tabia gani?" humuuliza shangazi. "Mchoyo," shangazi hujibu, naye huinamisha kichwa kwa heshima zote.

Watu wa ofisi yao hawaruhusiwi kucheza. Lakini juzi, mzigo ukiwa tayari mlangoni, alichungulia nje, akatoa noti, akanunua kadi ya mchezo mpya. Kumbe ule ukucha una kazi. Alikwangua huku ameuma ulimi, akaisoma kadi, akaigeuza, akaisoma tena. Hamna kitu. Shangazi alijifanya anapanga sabuni. Yeye akalisogelea bango jipya, akanyoosha pembe yake iliyojikunja, akaliambia kwa upole: "Haya, ringa tu. Siku yako ikifika, atakayekuja kukuchukua ni mimi."