Kikohozi cha Marehemu Mke Wangu

Nilimsikia mke wangu akikohoa ndani ya ukumbi mmoja mjini Kibiti, na wakati huo alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kijiji kilikuwa kimenituma kwa sababu nipo kwenye kamati ya zahanati. Tuliitwa kuonyeshwa mashine ya akili mnemba, inayosikiliza kikohozi kwenye simu na kusema kama ni cha kifua kikuu au sicho. Kijana aliyekuwa akieleza akabonyeza kompyuta, spika zikakohoa. Kikatoka kikohozi cha mzee, kikatoka cha mtoto. Halafu kikatoka cha mwanamke, na mwisho wake sauti ikasema, "Haya, nikohoe tena au mmeshiba?"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi mdomo ulitaka kucheka, maana ndivyo alivyokuwa, hakuacha utani hata akiwa kitandani. Kisha nikakumbuka yuko wapi. Nikainama nikajifanya natafuta kiatu.

Niseme kweli kabla sijaendelea. Mashine ile haikumuua. Ilimwambia hana kifua kikuu, na kweli hakuwa nacho. Ulikuwa moyo, na mpaka hospitali wanaujua, ulikuwa umeshachoka. Sidai hilo. Ninalodai ni kwamba alikohoa kwenye simu waliyoileta kijijini akijua anapimwa tu. Hakuna aliyemwambia kuwa kikohozi chake kitawekwa, kitatumika kufundishia mashine, na kitachezwa mbele ya watu wanaokunywa soda.

Nilipouliza, yule kijana akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, kijiji kiliridhia."

Kweli kiliridhia. Mkutano ulifanyika mpunga ukiwa umetoa mashuke, nusu ya watu tuko mashambani, tunalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, tunafukuza ndege na nguruwe. Kwetu, aliyeko dunguni jirani humnyooshea mkono. Ndivyo tulivyopitisha kisima, ndivyo tulivyopitisha wapi pakatwe mikoko. Jirani yetu akanyoosha miwili, mmoja wake na mmoja wa nyumba yangu. Simlaumu, ndiyo desturi. Lakini kisima ni cha wote. Kifua kile kilikuwa cha mke wangu.

Nilipotoka nje, mwanamke mmoja akanifuata uwanjani.

"Shikamoo baba. Nimekuona ulivyoinama. Yule alikuwa wako?"

"Marahaba. Mke wangu. Tumeshamzika."

Hakukimbilia kunipa pole. Akaniambia ana asasi ndogo na wenzake wawili. Kazi yao ni kuwauliza wenye mashine za tiba maswali ambayo mgonjwa hajui kama anaruhusiwa kuyauliza: sauti hii umeichukua kwa ruhusa ya nani, unaiweka wapi, mwenyewe akikataa unaitoaje. Ofisi yao ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kinanuka rangi. Nilimpenda kama mwanangu. Nikamwambia ninachotaka: sauti ya mke wangu isichezwe tena mbele za watu, na itolewe kwenye mashine.

"La kwanza linawezekana," akasema. "La pili ni gumu, baba, sitakudanganya. Na peke yetu hata la kwanza hatuliwezi. Tunahitaji wakubwa wasimame nasi."

Basi tukaenda kwa wakubwa. Hawakuombwa pesa, nataka hilo lieleweke. Hospitali moja iliombwa iseme tu kwamba haitapokea mashine yoyote kabla asasi haijauliza maswali yake. Chuo kimoja kiliombwa mwalimu, siku mojamoja, aje atueleze mashine inavyojifunza, maana mimi ni wa darasa la saba na wenzangu wengi hawakufika huko. Ofisi moja ya afya yenye boti iliombwa nafasi ya mtu mmoja wa asasi inapoleta chanjo huku kwetu, kwenye vijiji vya delta. Boti inakuja tu, na viti vinabaki. Wote walisema wazo ni zuri sana. Walipiga picha nasi. Daktari mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Mzee, umetufumbua macho." Tangu siku hiyo hakupokea simu.

Kwenye kamati ya msikiti nilikwenda mwenyewe, kwa kuwa wale ni watu wangu. Niliomba watangaze Ijumaa, baada ya swala, kwamba mtu ana haki ya kuuliza kabla hajakohoa, na chumba cha madrasa kitumike kwa mkutano.

"Kikohozi nacho kina mwenyewe?" mmoja akacheka. "Changu waje wakichukue chote, na makohozi yake juu!"

"Wewe utakitoa ukiwa hai," nikamwambia. "Wangu hayupo wa kuulizwa."

Mkubwa wao, niliyekua naye, aliyeingia nami kaburini kumpokea mke wangu, akanijibu taratibu, "Ndugu yangu, wale wenye mashine wametuahidi umeme wa jua wa zahanati. Tukianza maneno watahamia kijiji kingine." Akaahidi atalifikiria. Ijumaa ile akatangaza habari ya mbuzi aliyepotea.

Masika yote sikumwona yule binti wa asasi. Mvua zilipokatika akaja, kwa boti nzuri, amevaa kizibao chenye jina la mradi wa mashine.

"Shikamoo baba."

Sikuitikia. "Hiki ulichovaa ni nini?"

"Ndio wanaotulipia ofisi sasa. Kile chumba kilitushinda. Tulizunguka kote, baba, wewe ni shahidi. Hawa ndio pekee waliotupa meza." Akaangalia maji. "Nimekupatia la kwanza. Hawaichezi tena mbele za watu."

"Na la pili?"

"Tumekubaliana tusilisukume kwa sasa."

"Mmekubaliana na nani?"

Akaniambia kesho yake kuna sherehe ya kuwasha umeme zahanati, na wanaomba niseme maneno mawili, kwamba nililalamika nikasikilizwa.

"Mwanangu, wapigie sasa hivi," nikamwambia. "Waulize la pili, nikiwa nakuona."

Akatoa simu. Akaiangalia sana. Akairudisha mfukoni.

Nilimkasirikia, na bado sijapoa. Lakini hasira yangu kubwa iko kwa wale waliotuambia wazo ni zuri. Mtu anayewauliza wenye mashine maswali anahitaji pa kukaa ambapo si pa anayeulizwa. Walikuwa na vyumba, walikuwa na walimu, walikuwa na viti kwenye boti. Walimwacha binti wa watu azunguke mpaka akapewa meza na yule yule aliyepaswa kumuuliza.

Sikwenda kwenye sherehe. Taa nimeziona, zinawaka, na wajawazito sasa hawajifungui kwa tochi. Nashukuru kwa hilo, sitasema uongo. Ila mke wangu bado yumo mle ndani, anakohoa kwa faida ya watu asiowajua, na mimi niliyekuwa nikimchemshia tangawizi sina tena pa kwenda kuuliza.