Kopo la Mfuto la Asamankese

Enzi za Mwingereza, Kwabena Ofosuhene alikuwa mkaguzi wa vipimo katika soko la Asamankese. Alipewa kofia na mhuri wa chuma wa kugongea mizani, naye kazi aliipenda. Hakumdhulumu mtu, wala hakucheka kazini.

Siku moja ikaja barua. Serikali imearifiwa kwamba wauza mahindi hujaza kopo mpaka likaota kilele, na kilele hakina kipimo. Kuanzia sasa kopo lisawazishwe kwa rula, liwe la mfuto. Rula imeambatanishwa.

Ofosuhene akaipeleka kwa Maame Kyeretwie, mkuu wa wauza mahindi, aliyekuwa shangazi wa mkewe.

"Yaani serikali imenikataza kuwapa watu zaidi?" mama akauliza.

"Imekataza kilele, mama."

"Na bei?"

"Bei haikutajwa."

Maame akawageukia wenzake. "Mmesikia, jamani? Tuitii serikali."

Makopo yakanyolewa vilele siku hiyohiyo, bei ileile. Wauzaji hawakulalamika hata kidogo. Wanunuzi ndio waliomzingira mkaguzi.

"Kilele chetu umekila wewe?" mmoja akafoka, akaing'oa ile kofia na kukinga mahindi yake kwayo.

Jioni mkewe, Birago, akamtengea fufu iliyosawazishwa kwa mwiko, ikalingana na ukingo wa bakuli.

"Nyama iko wapi?"

"Ilikuwa inapita ukingo, mume wangu."

Akala hivyohivyo. Kesho yake akaandika kuuliza kama kilele kinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kopo. Mvua zikaja, zikaisha, ndipo jibu likafika: aeleze kwanza urefu wa kilele.

Akamwomba Maame ajaze kama zamani, ili yeye apime. Mama wa mapacha akapata kilele kirefu. Mwalimu aliyezoea kubishana bei akapata kifupi. Jirani aliyegombana na Maame juu ya mpaka wa shamba akapata shimo. Ofosuhene akaandika ukweli: kilele hutegemea mnunuzi. Wakubwa wakajibu kwamba ataje aina za wanunuzi.

Barua hiyo ilimchosha. Alikaa nayo kibarazani mpaka chai ikapoa, huku akiona aibu kupita sokoni. Hatimaye akavaa kofia, akaenda.

"Mama, nisaidie. Piga rula kwanza. Nikishaona mfuto, nitageuka nitazame mbuzi wale."

"Halafu?"

"Ukiongeza kitu nyuma yangu, hiyo ni zawadi. Habari za zawadi sijaandikiwa."

Maame akamtazama sana. "Mkwe, mimi nilimwambia Birago ameolewa na gogo. Nitamwomba radhi."

Basi ikawa hivyo. Rula ilipita, mkaguzi akageuka, mahindi yakasikika yakimwagika, naye akageuka tena akiwa na uso uleule. Akaripoti kwamba kila kopo la Asamankese hupigwa mfuto, jambo ambalo halikuwa uongo. Wakubwa wakampongeza, wakataka kumhamishia mji wa pwani kwa cheo kikubwa zaidi. Birago akasema pwani aende peke yake, na apike mwenyewe.

Akakataa cheo. Alifanya kazi palepale mpaka alipostaafu, na mji mzima ukamwita Bwana Mfuto, wanawe wakiwamo. Jina hakulipenda, lakini akiitwa aliitika.