Shemeji alitaka kwenda kulinda stoo vitani, swali la zamu likambakisha Doha

Wakuu, salamu kwenu, mlio zamu na mlio kitandani. Haya ninayoandika nimeyaona na macho yangu mawili. Mwenye shaka aje kwangu Najma, hapa Doha, Ijumaa nimpe chai ya maziwa na shahidi mwenyewe, maana anakula kwangu kila wiki.

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la nne. Nimechunga, nimepasua mawe, nimelinda maduka ya watu Bungoma na rungu na tochi isiyo na betri. Leo ni supervisor wa walinzi Lusail, huku huku Qatar, jengo refu mpaka kofia inaanguka ukiliangalia.

Sikupewa na mtu. Kama naandika vibaya, soma hivyo hivyo.

Sasa nije kwa shemeji. Wafula, ndugu ya mke wangu, mtu mzima mwenye watoto watatu. Mimi ndiye niliyemleta Doha. Contract yake ilikuwa inaisha, na mudir, bosi wetu, hasemi ndiyo wala la.

Hapo ndipo ajenti mmoja, Mkenya mwenzetu, akaanza kumpigia. Kazi ya kulinda stoo, kwenye mji mmoja huko Ulaya ambako mnajua kuna vita. "Mbali na risasi, bro." Mshahara sitautaja, msije mkaondoka na nyinyi.

Ijumaa chumbani ikawa bunge. Tunakula ugali sinia moja, simu zote ziko kwa hiyo vita.

Ssali, Mganda anayelala kitanda cha juu yangu, akasoma habari ya upande mmoja: adui amepoteza watu wengi sana kwenye huo mji, mtaa mmoja tu wanaugombania miezi, nyumba kwa nyumba, ngazi kwa ngazi. Mwingine akasoma ya upande wa pili: hao ni waongo, waliokufa kwetu ni wachache, sisi ndio tumewamaliza. Halafu wataalamu nao wana hesabu yao, katikati.

Wafula akanawa mikono. "Mnaona? Hata wenyewe hawajui. Hao wachache ni ajali ya kazi tu."

Wakuu, hapo nilijifunza kitu. Hesabu zikiwa tatu, mtu anayetaka kwenda huchagua ile ndogo.

Nikamfokea. "Unataka nimwambie dada yako nini?"

"Mwambie nimeenda kazini, mzee. Wewe si ulikuja Doha watu wakikuambia utatolewa figo?"

Ssali akacheka mpaka ugali ukampalia. Kweli niliambiwa hivyo. Nikakata tonge jingine.

Lakini si mchezo. Kuna jirani yetu wa chumba cha pili aliyekwenda huko. Simu yake imezimwa mpaka leo. Mama yake humpigia Ssali. Upande aliopigania hausemi umempoteza, upande wa pili hata jina lake haulijui. Katika zile hesabu tatu sijui yuko ipi. Naogopa hayuko hata moja.

Kwetu kazini, walinzi wakiingia thelathini wakatoka ishirini na tisa, hakuna anayepanda basi mpaka huyo mmoja apatikane, hata kama amelala msalani. Khalas, basi. Huko wanatofautiana maelfu na watu wanaendelea na lunch.

Siku ya kusaini ikafika. Ticket imeshatumwa. Ajenti akapiga video, Wafula ameketi kitandani, begi limefungwa.

Nikamwambia polepole, "Shemeji, sikuzuii. Muulize tu, unapokea zamu kwa nani?"

Mlinzi yeyote anajua. Huwezi kushika post bila mtu wa kukukabidhi. Anakupa funguo, anakupa redio, anakuonyesha mlango unaokwama, kisha anaenda zake kulala. Wafula amefanya hivyo miaka minane. Niliona uso wake umebadilika kabla hajafungua mdomo.

"Napokea kwa nani?"

"Post iko wazi, bro. Ukifika unaingia."

"Aliyekuwepo?"

"Walikuwepo wengi."

"Nipe mmoja niongee naye. Dakika moja tu."

"Wewe unataka kazi ama unataka hadithi?"

"Nataka mmoja."

Ajenti akasema network mbaya, akakata. Network ilikuwa nzuri. Ssali alikuwa juu anaangalia mpira na haukukwama hata mara moja.

Wafula akaweka simu chini. Akafungua begi, akatoa taulo. "Mzee, bafu kuna mtu?"

Nikajua safari imekwisha.

Mudir alimrudisha kazini baadaye, mshahara ule ule. Sasa yuko geti moja The Pearl. Analalamika jua, analalamika matajiri wanaopaki vibaya, analalamika ugali wangu ni laini. Namwacha alalamike. Naipenda hiyo sauti.

Funzo langu si refu. Usibishane na mtu kuhusu hesabu ya waliokufa, atachukua anayoipenda. Muulize anampokea nani, na huyo yuko wapi leo.

Wenye ndugu waliopigiwa simu kama hizi, semeni hapa chini, hata mkinipinga. Wa matusi nitawajibu nikitoka duty.

Na wale wanaouliza kila mara mzee ana nini: nina nyumba ya matofali Bungoma, mabati ya rangi. Ng'ombe wawili wa maziwa. Posho mill ya kusaga mahindi, inayofanya kazi. Shamba la miwa, si kubwa. Watoto waliomaliza shule niliyoikosa mimi.

Na shemeji mmoja, mzima, mwenye mdomo.